Fowili haikwami? Muulize aliyeacha gari baharini



Likizo zinapokaribia, familia nyingi za bara hufunga virago na kuteremka pwani. Siku hizi si ajabu kumwona baba, mama, watoto na nyanya yao wamejazana ndani ya gari kubwa linalovutwa kwa magurudumu yote manne, lile ambalo watu wa gereji huliita fowili. Wakishafika na kuuona mchanga umetandazwa kama shuka jeupe kutoka minazini hadi majini, ibilisi humnong'oneza mwenye usukani: "Ingia tu, fowili haikwami."

Mimi mwandishi wako nilinong'onezwa vivyo hivyo, nikasikiliza. Yaliyonipata nitakusimulia bila ya kuficha, maana mwana wa mtu hujifunza kwa makosa, na si lazima yawe makosa yake mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Desemba, miaka michache iliyopita. Tulikuwa watu sita: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, mamamkwe na shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu. Gari tulikuwa tumeliazima kwa kaka yangu, naye alitukabidhi ufunguo kwa mikono miwili kama mtu anayeoza binti. Tulitoka Malindi asubuhi, tukavuka daraja la mto Sabaki, tukaipita Mambrui na kufuata njia ya vumbi hadi ufuoni. Zamu ya usukani ilikuwa yangu.

Ilikuwa saa sita mchana na maji yalikuwa yamepwa mbali. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza yangerudi lini. Nikaingiza gari mchangani, na kwa mwendo wa mita mia mbili hivi lilikwenda kama lililo juu ya lami. Watoto walishangilia. Shemeji akasema, "Si nilikwambia?"

Mbele yetu kulikuwa na wavuvi wakivuta wavu. Ili niwapishe, nikapinda upande wa bahari. Mchanga wa huko ulikuwa umelowa na kung'aa kama kioo, nami nikadhani ndio mgumu zaidi. Nilipoona kamba ya wavu imekatiza mbele yangu, nikakanyaga breki. Gari likasimama, na hapo likazama. Nikakanyaga mafuta; magurudumu yakazunguka papo hapo na kurusha tope. "Kanyaga zaidi, shemeji! Kanyaga!" Nikakanyaga zaidi. Kufumba na kufumbua, gari lilikuwa limekaa kwa tumbo kama bata.

Tulichimba kwa mikono, tukachimba kwa kifuniko cha sufuria ya pilau. Baada ya nusu saa mwanangu mdogo akaniuliza, "Mama, kwa nini bahari inakuja?" Nikainua macho. Wimbi lilikuwa hatua kumi kutoka tulipo. Mamamkwe, mtu wa Murang'a ambaye hajapata kuogelea maishani mwake, alikuwa bado ameketi ndani ya gari, rozari mkononi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa wale wavuvi. Alikuja pole pole na vijana wake, akalizunguka gari mara moja.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Zima gari. Mteremsheni mama huyu na watoto, waende kule juu. Kisha toa upepo, tairi zote nne."

Nilidhani anatania. Kumbe ndiye fundi wa kweli. Tulitoa upepo, vijana wakaondoa mchanga nyuma ya magurudumu na chini ya tumbo la gari, wakatandika makuti. Nikataka kwenda mbele, yeye akatikisa kichwa. "Rudi ulikotoka, mwanangu. Ya nyuma unaijua, ya mbele huijui." Mara ya tatu ya kusukumwa, gari likatoka kinyumenyume, maji yakiwa yamefikia vitovu vya magurudumu. Tungalichelewa robo saa nyingine, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi, madereva wa safari na wenyeji wa pwani. Haya ndiyo niliyoyaokota kwao, nami nakugawia.

KWANZA, NI LAZIMA?

Kabla hujafikiria gia wala tairi, jiulize unakwenda kufanya nini ufuoni na gari. Ufuo ni mahali pa watoto kucheza, wavuvi kuanika nyavu na kasa kutaga mayai. Kama kuna njia nyingine, ifuate. Kama ni kustarehe tu, egesha gari juu kwenye ardhi ngumu, uvue viatu, utembee. Mchanga haujapata kumkwamisha mwenye miguu miwili.

Tena usidhani kila ufuo ni ruhusa. Penye hifadhi za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, waulize wasimamizi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kwingineko, waulize wenyeji na kikundi cha usimamizi wa ufuo huo. Nchi nyingine zina msimamo mkali. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2001 sheria ya kukomesha magari ya starehe kwenye fuo zake. Australia, kwa upande mwingine, inaruhusu magari katika ufuo mrefu wa kisiwa cha K'gari, kilichokuwa kikiitwa Fraser, lakini kwa kibali na kwa mipaka ya mwendo. Hata huko, madereva huhimizwa wapite muda ambao maji yamepwa, na bado yapo magari ambayo yameliwa na bahari.

JUA SAA YA MAJI

Ndugu yangu wa bara, bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Tangu ijae kabisa hadi ipwe kabisa ni muda wa saa sita na kitu. Na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hivyo usitumie saa ya jana kwa safari ya leo.

Kuna jambo zito zaidi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, yaani maji hupwa mbali sana na kisha hujaa kwa nguvu. Wakati huo tofauti baina ya maji kupwa na kujaa hupita mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji juu. Siku za bamvua pwani yetu hupwa asubuhi kwenye saa nne hivi na hujaa kwenye saa kumi za jioni. Sisi tuliingia saa sita mchana, siku ya bamvua. Bahari ilikuwa tayari imeanza safari ya kurudi, nasi tukaenda kuilaki!

Basi, pata jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote. Yeye analo kichwani. Ingia maji yakiwa yanatoka, yaani saa mbili kabla hayajapwa kabisa, na uwe umeondoka kabla ya saa mbili kupita tangu yapwe. Saa zako za kukwama uzipate maji yakiwa yanakwenda, si yakija.

UPEPO WA TAIRI NDIO DAWA

Tairi iliyojaa upepo hukanyaga mchanga kwa sehemu ndogo na kuukata kama kisu. Ukipunguza upepo, tairi hulala na kurefuka, uzito wa gari ukaenea, na gari likaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ni kama ngamia na mbuzi: mwenye wayo mpana ndiye mwenye jangwa.

Gari la kawaida la fowili barabarani huwa na upepo wa pauni 30 hadi 36. Kabla ya kugusa mchanga, shusha hadi pauni 18 au 20 kwa kila tairi. Ukikwama, unaweza kushuka hadi 15. Usivuke chini ya hapo ovyo, kwani tairi inaweza kuchomoka kwenye ringi. Kwa hiyo, safari ya mchangani haifanywi bila kipimo cha upepo na pampu ya kutumia umeme wa betri ya gari. Pampu ni muhimu kama kipimo, maana ukirudi kwenye lami na tairi zilizolegea, zitapata moto na kupasuka, na gari litayumba kwenye kona. Jaza upepo kwanza, ndipo upande lami.

Kumbuka pia kuwa gari lenye tairi legevu halitaki kona za ghafla. Pinda kwa mapana, na usizidi mwendo wa kilomita 30 kwa saa.

USHIKE USUKANI VIPI?

Tia fowili kabla ya kuingia mchangani, usingoje ukwame. Magari ya zamani yana habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Shuka uzifunge, la sivyo ile gia ya pili uliyoivuta haifanyi kazi yoyote. Soma kitabu cha gari lako. Na yale magari madogo ya mjini yanayoandikwa nyuma kuwa yanavutwa kwa magurudumu yote, mengi tumbo lake liko karibu na ardhi. Hayo si ya mchanga.

Nenda kwa mwendo mmoja, usiobadilika. Ukibadilisha gia kila mara, gari hupoteza nguvu ya mwendo. Ukiona mchanga laini mbele, chagua gia mapema kisha uiache hapo. Mkono wako uwe mwepesi kwenye usukani, na penye nyayo za gari lililopita salama, zifuate.

Ukitaka kusimama, usikanyage breki. Breki hufanya mchanga urundikane mbele ya magurudumu, ukawa kizuizi cha kujitengenezea mwenyewe. Ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lijisimamie. Na usimame pahali pagumu, pua ikiangalia mteremko, ili kuondoka kuwe rahisi.

Mchanga nao una lugha yake. Ule mkavu wa juu, karibu na mimea, ni mlegevu kwa kuwa chembe zake hazishikani. Ule wa katikati, uliolowa kidogo na maji kuutoka, ndio mgumu. Huo ndio barabara. Ule wa chini kabisa unaong'aa umejaa maji, na ukitikiswa hugeuka uji. Ndio ulionimeza mimi. Midomo ya mito na vijito vinavyoingia baharini pia uiogope, maana huenda juu pakauke huku chini ni tope.

Vilima vya mchanga, kama vile vya Mambrui, si pa kuchezea. Gari likipita ubavuni mwa kilima huweza kupinduka. Na kamwe usimruhusu mtoto kuketi juu ya paa au kusimama nyuma ya pikapu. Mikanda ifungwe kama barabarani. Mawimbi hupiga kelele, watu walioko ufuoni hawasikii gari likija, na watoto hulala ndani ya mashimo waliyochimba. Dereva ndiye anayepaswa kuona kwa niaba ya wote.

UKISHAKWAMA

Magurudumu yakianza kuzunguka bila gari kwenda, toa mguu mara moja. Kila mzunguko mmoja ni koleo moja la kuchimba kaburi la gari. Teremsha abiria wote, wakae mbali na maji. Kisha fuata utaratibu wa yule mzee: punguza upepo, chimba mchanga upande unaotaka kwenda, uutoe pia chini ya tumbo la gari, tandika makuti, mikeka au mazulia ya gari kwenye njia ya magurudumu, nyoosha usukani, kisha jaribu pole pole, ukianza na kurudi nyuma kwenye nyayo zako.

Ukitumia jeki, iweke juu ya ubao mpana, la sivyo jeki itazama badala ya gari kuinuka. Na asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa mchangani.

Ukivutwa na gari jingine, angalia kamba imefungwa wapi. Ifungwe kwenye kulabu madhubuti za kuvutia zilizoshikana na chesisi, kamwe si kwenye kile kirungu cha chuma cha kukokotea trela. Kirungu hicho kikikatika huruka kama risasi, na kimekwisha kuua watu. Kila mtu asiyeendesha asimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, wala mtu asiiruke kamba iliyonyooka.

Na maji yakikufikia kabla hujafaulu, mpenzi msomaji, liache gari. Toa watu, toa stakabadhi, panda juu. Gari lina bei, hata likiwa ghali namna gani. Mtu hana.

NA WA LAGA JE?

Huenda msomaji wangu wa Samburu, Isiolo au Turkana anasema haya ni ya watu wa pwani. La hasha! Mchanga wa laga hauna tofauti kubwa na wa ufuoni. Upepo wa tairi, mwendo mmoja, kutokanyaga breki, yote ni yale yale. Tofauti ni kuwa laga haina jedwali la maji. Mvua ikinyesha milimani usikoona, maji huja kama ukuta huku juu yako jua linawaka. Usiegeshe ndani ya laga, usipumzike humo, na ukikuta maji yanapita, ngoja. Shuka kwanza uitembee kwa miguu kabla ya kuivuka.

DENI LA KASA

Tulipokwisha kutoka, nilitaka kumshukuru yule mzee na vijana wake. Walipokea tulichokuwa nacho, lakini mzee hakuniachilia. Alinishika mkono akanipeleka pale tulipoteremkia kutoka njiani. Hatua chache kutoka kwenye nyayo za gari letu palikuwa na vijiti vitatu vimechomekwa mchangani.

"Hapa kasa ametaga," alisema. "Watoto wake wakitoka usiku, wataingia ndani ya mitaro yenu hii, wasiweze kupanda. Asubuhi wataliwa na kunguru."

Niliitazama ile mitaro miwili iliyochimbwa na magurudumu, imekatiza baina ya vijiti na bahari. Kasa hufukia mayai, aghalabu mia moja au zaidi, juu ya mahali maji yanapofika, nayo hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili. Kitoto chake ni kidogo kuliko kiganja cha mwanangu. Kwacho, alama ya tairi ni bonde. Na gari likipita juu ya kiota, hushindilia mchanga wakashindwa kutoka kabisa. Kasa wetu wanalindwa na sheria, lakini usiku ule sheria isingekuja kuyafukia yale mabonde.

Tuliyafukia sisi, wote sita. Mamamkwe naye alivua viatu, akasawazisha mchanga kwa nyayo zake huku akicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ndiyo maana nakuomba: usipite na gari juu ya mahali maji yanapokoma, usiingie ufuoni usiku, na kila shimo au mtaro uliouacha, ufukie.

Jioni hiyo hiyo tulijaza upepo, tukaliosha gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa chini na kwenye magurudumu. Usisahau hilo. Chumvi hula chuma pole pole, nawe hutajua mpaka breki zikugomee. Kaka yangu nilimweleza yote kabla hajauliza. Alinyamaza kitambo, akauliza swali moja tu: "Mama yuko salama?" Kisha akasema nisiliazime tena mpaka ninunue pampu.

Pampu nimenunua, iko chini ya kiti, pamoja na kipimo, koleo na ubao wa jeki. Nimeshuka pwani mara kadhaa tangu wakati huo. Gari hubaki juu minazini, nasi huenda ufuoni kwa miguu, mamamkwe akitangulia.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.